Uzembe katika kesi za madai: kukosea peke yake hakumfanyi mtu alipe fidia

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nimesoma mijadala mingi ambamo mtu anaeleza jinsi alivyoumizwa au kupata hasara, kisha wachangiaji wanamhakikishia kwamba huo ni uzembe wa wazi, aende mahakamani na atalipwa. Wengine huenda kweli, hutumia akiba yao yote kwa mawakili, na hurudi mikono mitupu bila kuelewa imekuwaje, kwa sababu kila aliyewasikiliza alikubali kwamba mdaiwa alikosea. Jambo hilo linaniumiza, maana mara nyingi kesi ilikuwa imekwisha kabla haijafunguliwa, na hakuna aliyewaambia. Nimeleta uzi huu ili tuelewane juu ya misingi ya uzembe katika kesi za madai, hasa wajibu wa uangalifu, yaani wajibu wa kujihadhari usimdhuru mwingine, ambao ndio mlango wa kuingilia na ndio watu wengi wanaouruka.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa ndilo linalotupotosha mapema. Katika mazungumzo ya kila siku tukimwita mtu mzembe tunaisema tabia yake: mvivu, hajali, ukimpa kazi anaiacha njiani. Sheria ya madhara, yaani ile inayompa aliyeumizwa na mwingine haki ya kudai fidia, hailitumii neno hilo hivyo. Mchapakazi mwenye roho safi, ambaye kwa miaka 20 hajawahi kumkwaruza mtu, anaweza kuwa mzembe kisheria kwa sababu ya sekunde mbili tu ambazo hakutazama mbele alipokuwa akiendesha gari. Kinyume chake, mtu asiyejali kitu chochote duniani anaweza asidaiwe hata senti, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyekuwa na haki ya kutegemea uangalifu wake katika jambo lile. Kwa hiyo mnaposikia mahakama imesema fulani alizembea, msidhani imemhukumu moyo wake. Imepima tendo lake tu, tena kwa kipimo ambacho si chake.

Vilevile tutenganishe madai na jinai. Katika jinai dola ndiyo inayoshtaki, lengo ni adhabu, na hatia inapaswa kuthibitishwa pasipo kuacha shaka ya msingi. Katika madai aliyeumia ndiye anayekwenda mahakamani, lengo ni kumrejesha, kadiri fedha zinavyoweza, pale ambapo angekuwa kama asingeumizwa, na inatosha kuonyesha kwamba anayoyasema yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Ndiyo maana dereva anaweza kuachiwa huru katika kesi ya jinai na bado akaamriwa kulipa fidia kwa ajali ileile.

Mdai anayeegemea uzembe anapaswa kuthibitisha mambo manne, na likikosekana moja, mengine yote hayamsaidii: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliukiuka wajibu huo, kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara, na kwamba madhara yenyewe si ya mbali mno kiasi cha kutoweza kumtwisha mdaiwa. Hapa jukwaani sisi hujadili la pili tu. Tunauliza kama alikosea, tukishakubaliana kwamba alikosea tunafunga mjadala. Mahakama huanza na la kwanza.

Wajibu huo wa uangalifu, ambao kanuni yake huitwa sheria ya majirani kwa sababu nitakayoieleza, una historia ambayo haiwezi kurukwa. Mwaka 1842 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Winterbottom dhidi ya Wright. Winterbottom alikuwa dereva wa gari la farasi la kubeba barua, Wright alikuwa ameingia mkataba na idara ya posta wa kuyatunza magari hayo, gari likaharibika safarini na dereva akaumia vibaya. Alishindwa kesi. Majaji walisema mkataba wa Wright ulikuwa na posta, si na dereva, na kwamba wakimruhusu dereva kudai, basi kila mpita njia aliyeumizwa na gari lililopinduka naye angedai na hakungekuwa na mwisho. Hofu hiyo ya kutokuwa na mwisho iliitawala sheria kwa miaka 90. Asiye na mkataba nawe hakuwa na la kukudai, isipokuwa katika mazingira machache yaliyohesabika.

Marekani waliukata mnyororo huo mapema kidogo. Mwaka 1916 Jaji Cardozo wa mahakama ya rufani ya New York, katika kesi ya MacPherson dhidi ya kampuni ya magari ya Buick, aliamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mtu aliyeumia baada ya gurudumu la mbao kuvunjika, ingawa gari hilo alilinunua kwa muuzaji wa kati. Kwa nchi zinazofuata sheria ya mapokeo ya Kiingereza, inayojengwa na hukumu za majaji, hata hivyo, siku iliyobadilisha mambo ni ya Agosti 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Uskoti. Bibi Donoghue aliketi na rafiki yake, rafiki ndiye aliyelipa, wakaletewa kinywaji cha tangawizi katika chupa ya kioo cheusi kisichoonyesha ndani. Bibi huyo alikunywa kiasi, na rafiki alipommiminia kilichobaki, yakatoka, kwa madai yake, mabaki ya konokono aliyeoza. Akaugua tumbo na kupata mshtuko.

Tazameni tatizo lake. Hakununua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa. Na rafiki yake mwenye mkataba hakuumia. Mtengenezaji, Stevenson, hakuwa na mkataba na yeyote kati yao. Kwa sheria ya 1842 bibi huyu alikuwa na ugonjwa lakini hakuwa na mtu wa kumdai. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani Uingereza, mwaka 1932, kwa kura 3 dhidi ya 2, lilisema anaye. Jaji Atkin aliichukua amri ya kumpenda jirani na akaigeuza kuwa kanuni ya sheria: usimdhuru jirani yako. Kisha akajibu swali ambalo mwanasheria katika Injili alimwuliza Yesu, jirani yangu ni nani? Akasema kwamba, mbele ya sheria, jirani ni yule ambaye tendo lako linamgusa kwa karibu na moja kwa moja kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria wakati ulipokuwa ukiamua kutenda au kutotenda.

Neno letu jirani linatufanya tufikirie nyumba na uzio. Jirani wa Atkin anaweza kuwa mtu usiyewahi kumwona, aliye mbali, hata katika mji mwingine, mradi tu chupa uliyoifunga leo itafika mkononi mwake bila mtu mwingine kuweza kuichunguza njiani. Nadhani hakuna wazo la kisheria la karne iliyopita lililo la kiutu zaidi ya hili. Na niongeze jambo ambalo wengi hawalijui: konokono huyo hakuthibitishwa kamwe. Baraza liliamua swali la sheria kwa kuchukulia kwamba madai ni ya kweli, Stevenson akafariki kabla ushahidi haujasikilizwa, na shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa maelezo yaliyotulia. Nina swali moja linalonisumbua. Kama jirani ni yeyote ninayeweza kutabiri kwamba ataguswa, basi nikipita kando ya bwawa na nikamwona mtoto wa watu anazama, nami najua kuogelea, bila shaka natabiri kwamba nisipoingia atakufa. Je, nikiendelea na safari yangu naweza kudaiwa?

Mleta uzi

Ndugu yangu, umegusa mahali ambapo sheria na dhamiri hutengana, na naomba nijibu bila kuzungusha: katika sheria ya mapokeo ya Kiingereza, kwa kawaida huwezi kudaiwa. Sheria hiyo inakukataza kumtumbukiza mtoto majini, haikuamuru kumtoa. Binafsi naona ni msimamo mgumu kuutetea mbele ya mama wa mtoto, lakini ndio uliopo, na si kila mfumo unaukubali. Ufaransa, kwa mfano, kumwacha mtu aliye hatarini bila msaada ilhali ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha ni kosa la jinai.

Mambo hubadilika pale ambapo una uhusiano maalumu na mhusika. Ukiwa mzazi wake, mwalimu aliyekabidhiwa, au mlinzi wa bwawa anayelipwa kwa kazi hiyo, ukimya wako ni ukiukaji. Hali kadhalika ukiwa wewe ndiye uliyeitengeneza hatari, au umeanza kumwokoa kisha ukamwacha pabaya zaidi ya ulipomkuta. Wakati mwingine wajibu unafika hadi kwenye matendo ya watu wengine. Katika kesi ya kampuni ya Dorset Yacht, iliyoamuliwa mwaka 1970, vijana waliokuwa chini ya ulinzi wa maofisa wa serikali kisiwani walitoroka usiku maofisa wakiwa wamelala, wakaharibu mashua zilizokuwa karibu, na Baraza la Malodi likasema wizara ilikuwa na wajibu kwa wenye mashua, kwa sababu maofisa walikuwa na mamlaka juu ya vijana hao na walijua fika mtoro angekimbilia nini.

Kwa hiyo kutabirika peke yake hakukuwahi kutosha. Majaji walijaribu mara kadhaa kutunga fomula moja ya kuamua lini wajibu upo. Inayotajwa zaidi inatoka katika kesi ya Caparo ya mwaka 1990, ambapo kampuni ilinunua hisa za kampuni nyingine kwa kuamini hesabu zilizokaguliwa, kisha ikawadai wakaguzi na ikashindwa. Ilisemwa kwamba madhara yawe yanatabirika, pawe na ukaribu kati ya pande mbili, na iwe ni haki na busara kumtwika mdaiwa wajibu. Vyuoni wanafunzi huimba mambo hayo matatu kama sala, lakini Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Robinson ya mwaka 2018, ambapo bibi mzee aliangushwa na polisi waliokuwa wakimkamata mtu barabarani, ilisema wazi kwamba si fomula ya kutumiwa kila mara. Palipo na aina ya uhusiano inayojulikana tayari, kama dereva na watumiaji wengine wa barabara, mwajiri na mfanyakazi, daktari na mgonjwa, wajibu upo na hakuna haja ya kuujadili upya. Kwa hali mpya, majaji husogea hatua kwa hatua kutoka kwenye kesi zinazofanana nayo.

Sehemu ambayo mlango ni mwembamba kuliko zote ni hasara ya fedha tupu, ambapo hakuna mwili ulioumia wala mali iliyoharibika. Mtu akikwambia hisa fulani ni nzuri, ukanunua, ukafilisika, huwezi kumdai kirahisi. Kesi ya Hedley Byrne, iliyoamuliwa mwaka 1963, ilikubali kwamba anayetoa taarifa kwa kujitwika dhamana, kwa mtu anayejua kwamba anamtegemea, anaweza kuwajibika. Ila katika kesi hiyohiyo benki iliyotoa taarifa ilisalimika, kwa kuwa ilikuwa imeandika mapema kwamba inaitoa bila dhamana.

Mchangiaji wa pili

Mleta uzi, mimi sikubaliani na kauli yako kwamba mtu hupimwa kwa kipimo ambacho si chake. Haki iko wapi hapo? Mtu aliyejitahidi kwa uwezo wake wote, akatumia akili aliyojaliwa, anawezaje kuitwa mzembe kwa sababu tu mtu mwingine mwerevu zaidi angefanya vizuri zaidi?

Mleta uzi

Hoja hiyo ina uzito, na ilishatolewa mahakamani mwaka 1837. Menlove alirundika majani makavu karibu na mpaka wa nyumba za Vaughan. Akaonywa mara nyingi, kwa wiki kadhaa, kwamba rundo lile litashika moto. Akajibu kwamba yuko tayari kubahatisha. Likawaka, nyumba zikateketea. Wakili wake alisema mteja wake ametumia busara yake yote na hapaswi kulaumiwa kwa kutojaliwa akili nyingi. Majaji wakakataa, wakasema busara ya kila mtu inatofautiana kama urefu wa miguu ya watu, na sheria haiwezi kuwa na kipimo kinachobadilika kwa kila anayesimama kizimbani. Ndipo alipokita mizizi yule mtu wa kufikirika wa sheria: mwenye busara ya kawaida, si mwoga wa kupindukia, si jasiri wa kipumbavu. Mwaka 1856, katika kesi ya Blyth kuhusu bomba la maji lililovuja kwa baridi kali isiyo ya kawaida, Jaji Alderson aliueleza uzembe kuwa ni kuacha kufanya ambacho mtu wa namna hiyo angekifanya, au kufanya ambacho asingekifanya.

Mfano mgumu zaidi ni wa mwaka 1971. Bibi Weston alikuwa akijifunza kuendesha gari, akifundishwa na rafiki wa familia, Bwana Nettleship. Katika somo la tatu gari likagonga nguzo ya taa na mwalimu akavunjika goti. Mahakama ya Rufani ilisema mwanafunzi hupimwa kwa kipimo cha dereva stadi. Nakubali kwamba inaonekana ni ukatili, maana hakuna mtu anayezaliwa akijua kuendesha. Lakini jiweke mahali pa anayevuka barabara. Mfupa wake hauvunjiki kidogo kwa sababu dereva alikuwa mgeni wa usukani. Kati ya wawili hao, aliyechagua kuingia barabarani na kitu kizito ndiye anayebeba hasara, na hilo halimwiti mtu mbaya. Mimi nimeridhika nalo. Hata hivyo mwalimu naye alipunguziwa nusu ya fidia, kwa sababu alishiriki kuliongoza gari lile.

Isitoshe, kipimo hicho hakidai ukamilifu. Mtu mwenye busara hupima uwezekano wa hatari, ukubwa wa madhara, na gharama ya kuyazuia. Katika kesi ya Bolton dhidi ya Stone, ya mwaka 1951, mwanamke aliyesimama barabarani alipigwa na mpira wa kriketi uliorushwa nje ya uwanja. Ilionekana kwamba mpira ulikuwa umefika barabarani mara 6 hivi katika kipindi cha miaka 30 na uzio ulikuwepo, akashindwa kesi. Mwaka huohuo fundi aliyekuwa na jicho moja tu linaloona aliumizwa na kipande cha chuma kwenye jicho hilo, naye akashinda dhidi ya mwajiri wake, Halmashauri ya Stepney, ambaye hakumpa miwani ya kujikinga. Hatari ya kipande kuruka ilikuwa ileile kwa mafundi wote. Tofauti ilikuwa kwamba kwa huyu, jicho moja lilimaanisha giza la maisha yake yote, na mwajiri alijua. Mnaona jinsi kipimo kilekile kinavyodai vitu tofauti kwa watu tofauti. Mwaka 1953 ikaja kesi ya Latimer, kiwanda kilichofurika maji ya mvua yakachanganyika na mafuta, mwenye kiwanda akamwaga pumba za mbao zote alizokuwa nazo, pakabaki sehemu zinazoteleza na mfanyakazi akaanguka. Alishindwa, kwa sababu kufunga kiwanda kizima kwa hatari ya kiasi kile kungekuwa kupita kiasi.

Kwa wataalamu, kipimo ni mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo. Kesi ya Bolam ya mwaka 1957 ilisema daktari hajazembea ikiwa alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wanaoheshimika, hata kama kundi jingine linaupinga. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa ngao nzito mno, nami naona ilipita kiasi, hadi kesi ya Bolitho mwaka 1997 iliposema kwamba maoni ya wataalamu hao lazima yahimili hoja. Na mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye hakuambiwa kwamba uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua ulikuwa kati ya asilimia 9 na 10, Mahakama ya Juu iliamua kwamba katika kumweleza mgonjwa hatari za matibabu, swali si madaktari wamezoea kusema nini, bali mgonjwa yule angetaka kujua nini.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nichangie kidogo kwa wanaosoma kutoka nchi zenye mfumo wa sheria wa Kirumi, kwa sababu huko hawaanzi na jirani. Chimbuko lake ni sheria ya Akwilia ya Roma, ya karne ya tatu kabla ya Kristo, iliyohusu kuua mtumwa au mnyama wa mtu na kuharibu mali yake. Kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804, yaani kitabu cha sheria za madai cha Ufaransa, iliweka katika kifungu cha 1382 kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimu yule ambaye hasara imetokea kwa kosa lake kuifidia. Tangu 2016 kifungu hicho ni cha 1240. Ujerumani walikwenda njia nyingine. Kanuni yao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, inataja katika kifungu cha 823 haki zinazolindwa: uhai, mwili, afya, uhuru, mali na haki nyinginezo za namna hiyo. Kwa hiyo hasara ya fedha tupu inapata taabu Ujerumani kama Uingereza, lakini kwa sababu tofauti.

Mchangiaji wa nne

Je, ikiwa mimi niliyeumia nami nilikuwa na kosa? Nilikuwa abiria, sikufunga mkanda.

Mleta uzi

Zamani ungepoteza kila kitu. Mwaka 1809, katika kesi ya Butterfield, mpanda farasi aliyekwenda kasi akajikwaa kwenye mti uliowekwa barabarani na mtu mwingine, hakupata kitu kwa kuwa angekuwa mwangalifu angeuona. Uingereza ilibadilisha hilo kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1945, na sasa fidia hugawanywa kwa kadiri ya lawama. Kuhusu mkanda hasa, mahakama ya huko iliweka mwongozo katika kesi ya Froom dhidi ya Butcher: punguzo la asilimia 25 ikiwa mkanda ungezuia majeraha kabisa, asilimia 15 ikiwa ungeyapunguza, na hakuna punguzo ikiwa usingesaidia chochote. Dereva aliyesababisha ajali habaki huru kwa sababu ya mkanda wako.

Mchangiaji wa tano

Nimesoma uzi wote kwa moyo mzito. Baba yangu alipelekwa hospitali usiku akiwa na maumivu makali ya kifua. Daktari wa zamu hakutoka chumbani kwake, alimwambia muuguzi ampe dawa ya maumivu na arudi nyumbani. Alifariki alfajiri. Kwa unavyoeleza, daktari alikuwa na wajibu, na aliukiuka. Kesi yetu si imekamilika?

Mleta uzi

Pole sana, ndugu yangu, wewe na familia yote. Nitakujibu kwa ukweli kwa sababu nadhani ndicho unachokihitaji kuliko faraja ya haraka.

Wajibu upo, sioni wa kuubishia, kwa kuwa alipokelewa na mtumishi wa hospitali na daktari akaulizwa. Kuhusu ukiukaji, kama ilivyokuwa ndivyo ulivyoeleza, una hoja nzito, ingawa upande wa pili haujasikika. Ila kesi yako itasimama au kuanguka kwenye jambo la tatu. Mwanzoni mwa mwaka 1966 walinzi watatu wa usiku jijini London walifika hospitali wakitapika baada ya kunywa chai. Daktari hakwenda kuwaona, aliagiza kwa simu warudi nyumbani na wawaite madaktari wao. Mmoja, Barnett, alikufa saa chache baadaye, na ikagundulika chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mjane alifungua kesi. Mahakama ilisema hospitali ilikuwa na wajibu, ikasema daktari aliukiuka, kisha ikamnyima fidia, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata angelazwa na kutibiwa mara moja, dawa ya kuikabili sumu ile isingemfikia kwa wakati. Mume wake alikuwa afe kwa vyovyote vile.

Nimeisoma kesi hiyo mara nyingi na kila mara naona ugumu wake, maana kosa lilikuwa wazi na kifo kilikuwa wazi, kilichokosekana ni uzi unaoviunganisha. Mahakama huuliza: kama mdaiwa asingefanya kosa hili, je, madhara yasingetokea? Majaji wamelegeza swali hilo mara chache, maarufu zaidi ikiwa kesi ya Fairchild ya mwaka 2002, ya wafanyakazi waliougua saratani ya utando wa mapafu baada ya kuvuta vumbi la asbesto kwa waajiri kadhaa, ambapo sayansi haikuweza kusema ni vumbi la nani lililoanzisha ugonjwa; Baraza la Malodi lilikataa kuwaacha waajiri wote waponyoke kwa kunyoosheana vidole. Usitegemee ulegevu huo. Ni wa mazingira yake.

Jambo la nne, la madhara kuwa mbali mno, halikuhusu sana, kwa hiyo nalipitia tu kwa ajili ya wengine. Tangu kesi ya meli ya Wagon Mound, iliyoamuliwa mwaka 1961 baada ya mafuta yaliyomwagika bandarini Sydney kuwaka na kuunguza gati, mdaiwa hulipa kwa aina ya madhara ambayo yalitabirika, si kwa kila kinachofuata. Lakini aina ikishatabirika, ukubwa wake ni juu yake. Mfanyakazi mmoja aliungua mdomo kwa tone la chuma kilichoyeyuka, pale palipoungua pakaota saratani, akafa. Mwajiri alilipa kwa kifo hicho, kwa maana umemkuta mtu jinsi alivyo, hata awe na fuvu jembamba kama ganda la yai.

Mchangiaji wa tano

Nashukuru. Hospitali wanasema lilikuwa shambulio la moyo. Sijui nianzie wapi.

Mleta uzi

Anza na karatasi. Ombeni kwa maandishi jalada lote la usiku ule: saa aliyopokelewa, vipimo vilivyochukuliwa, saa muuguzi alipompigia daktari, dawa aliyopewa, saa aliyoondoka. Kama uchunguzi wa maiti ulifanyika, ombeni ripoti yake. Walioandamana naye waandike sasa, kila mmoja peke yake, wanachokumbuka, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na maneno ya msibani. Muulizeni wakili mapema muda wa mwisho wa kufungua shauri, kwa sababu kila nchi huweka ukomo wake na ukipita, hata kesi nzuri hufa.

Kisha mtafuteni daktari bingwa wa moyo asiyehusiana na hospitali hiyo, mpeni jalada, na mwangalie sana swali mtakalomwuliza. Mkimwuliza kama daktari wa zamu alikosea, atasema ndiyo, nanyi mtatoka mkiwa na furaha isiyo na thamani mahakamani. Mwulizeni hivi: mgonjwa huyu, mwenye dalili hizi, kama angepimwa moyo saa ileile aliyofika na akaanza kutibiwa papo hapo, je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba angekuwa hai, au kwamba angekufa? Akijibu kwamba angekuwa hai, na akaweza kueleza kwa nini, mleteni kwa wakili siku hiyohiyo.